Moto wa Kupikia, Moto wa Kuota: Historia ya Jiko Mlimani Meru

Jiji la Arusha liko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Wameru na Waarusha hupanda juu zaidi, kwenye miteremko ya mlima wenye kimo cha mita 4,566. Baridi ya Juni na Julai huku si ya kupuuza. Ndiyo maana tangu zamani jiko la Meru lilikuwa na kazi mbili: kuivisha chakula na kuipasha nyumba joto.

Mafiga matatu yaliziweza zote mbili. Katika nyumba ya msonge, watu na mifugo walilala chini ya paa moja na moto ulikaa ndani. Makande yaliiva taratibu huku watoto wakiota moto, na moshi ukakausha kuni za darini na kufukuza wadudu kwenye mapaa. Waliolipia faida hizo ni kina mama, kwa macho na mapafu yao.

Wajerumani walijenga boma lao Arusha kati ya 1899 na 1900. Walowezi wakafuata, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini, na katika nyumba zao moto uligawanywa: meko ya ukutani yenye dohani kwa ajili ya kuota, na jiko la chuma la kuni kwa ajili ya kupikia. Ulaya, Gustaf Dalén wa Sweden aliunganisha tena joto na mapishi mwaka 1922 alipobuni jiko la AGA, la chuma kizito kinachotunza joto saa nyingi. Mkulima wa Meru hakuwa na uwezo wa kununua jiko kama hilo, ila kanuni zake zingemfaa: moto uliofungiwa, moshi unaotolewa nje, joto linalobaki ndani.

Mjini jiko la mkaa la bati ndilo lililoenea. Miaka ya 1980 jiko lenye kikombe cha udongo lilianza kutengenezwa Nairobi, likapunguza mkaa unaoungua. Arusha nayo ikapata CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa mwaka 1981, ambacho kilijenga mitambo ya biogesi kwa wafugaji wa ng'ombe wa ndani. Wakati huo msitu wa mlima ulikuwa umewekewa mipaka, na kuni nyingi zikawa za matawi ya mibuni na miti ya kupandwa shambani.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema. Lakini gesi ikishaivisha ugali huzimwa, na nyumba hubaki na baridi. Hapo ndipo jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu ikaua watu usingizini.

Kwa hiyo wapangaji wa nishati wahesabu na joto la nyumba za mlimani. Nawe unayetumia kuni bado, chagua jiko lililofungwa pande zote, lenye dohani inayopita juu ya paa. Tumia kuni kavu, ondoa masizi mara kwa mara. Na mkaa unaowaka usilale nao chumbani hata usiku mmoja.