Nyayo za kupinda
Mtoto mwenye nyayo za kupinda huzaliwa unyayo ukiwa umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Njia ya Dkt. Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, hunyoosha mguu taratibu kwa plasta ngumu zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida 5 hadi 7. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa mwishoni. Hata hivyo, kinachouzuia mguu usipinde tena ni viatu vilivyounganishwa kwa upau: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hadi miaka 4 au 5. Wazazi huuliza, na wana haki: mguu umeshanyooka, mtoto analia, kwa nini aendelee kuteseka? Kwa sababu mguu ulionyooka bado huvutwa kurudi ulikotoka, na kuacha viatu mapema ndiyo sababu kuu ya kupinda upya. Mtoto huvizoea baada ya siku chache. Ngozi ikichubuka, arudishwe kliniki viatu virekebishwe, visivuliwe moja kwa moja.