Mnavu si sumu, lakini tunguja na mnanaha si vya kuchezea

Mpwa wangu ni mjamzito, na kliniki wamemwambia damu yake ni chache. Juzi alinipigia simu kutoka Mombasa kuniambia ameacha kula mnavu, kwa kuwa amesoma kwenye simu yake kwamba ni mmea wa sumu. Mimi nilikuwa Kericho, mezani kwa mwenyeji wangu, na mbele yangu sahani ya ugali na mboga hiyo hiyo. Nimeona niyaandike hapa niliyomjibu, maana si yeye peke yake aliyeingiwa na hofu.

Mnavu wetu ndio managu ya sokoni Nairobi, na Wakipsigis wa Kericho na Bomet huuita isoiyot. Hofu inatokana na jina. Huko Ulaya kuna mmea wa jamii moja nao, uitwao belladonna, ambao kweli huua, na kwa Kiingereza majina yao hukaribiana. Lakini tunda la belladonna hukaa peke yake penye kikonyo, na tunda za mnavu hukaa kwa vishada. Isitoshe, belladonna si mmea wa mashamba yetu.

Jamii hii ni kubwa. Tungule, bilingani, pilipili, mbatata na tumbaku zote zimo. Ndani ya ukoo mmoja kuna chakula, kuna dawa, na kuna sumu.

Majani ya mnavu yana madini ya chuma, chokaa na vitamini A na C. Bara huchemshwa, maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa, kisha hutiwa maziwa au malai. Sisi Pwani tuna tui la nazi. Tahadhari ni kwa tunda mbichi za kijani, ambazo zina solanini kwa wingi. Mtoto akizila, huumwa tumbo, hutapika na kuharisha. Basi chuma majani machanga, tunda mbichi tupa. Na mwenye upungufu wa damu asiache vidonge alivyopewa kliniki kwa kutegemea mboga peke yake. Hivyo viwili huenda pamoja.

Solanini hiyo hiyo imo katika mbatata zilizogeuka kijani. Bomet hulima mbatata kwa wingi. Gunia likikaa juani, ngozi huanza kuwa kijani na sumu kuongezeka, na moto wa karai hauimalizi. Wauza viazi karai na chipsi, wekeni mbatata gizani, kateni sehemu ya kijani na machipukizi yote, na iliyo chungu itupeni.

Mtunguja ni habari nyingine. Wakipsigis huuita labotwet, na kama Pwani, wazee hutafuna mzizi wake kwa maumivu ya tumbo, na tunda lake hutumiwa kwa jino na choa. Siwadharau wazee. Lakini mzizi hauna kipimo: mmoja una sumu kidogo, mwingine nyingi, na mtafunaji hawezi kujua. Tunguja la manjano linavutia macho ya mtoto, nalo si la kuliwa kamwe.

Wa kuogopwa zaidi ni mnanaha. Mbegu zake zina atropini na skopolamini. Aliyezila hukauka mdomo, mboni hupanuka, moyo hudunda mbio, mwili huwaka joto, kisha huweweseka na kuona visivyokuwepo. Wengi hudhani amepandwa na pepo, wakamkimbilia mganga huku saa zinapita. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na mbegu hizo uliwaugulisha watu karibu 300, na 5 wakafariki. Ua la tarumbeta, linalopandwa kwenye nyua nyingi za bara kwa uzuri wake, lina sumu ya aina hiyo hiyo.

Atropini hiyo hospitalini huokoa maisha: mkulima aliyevuta au kumeza dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti hudungwa atropini. Tofauti ni kipimo, na mkono unaoishika.

Mtu wako akila asichokijua, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kwa kubahatisha. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue tawi au tunda la mmea wenyewe, ili daktari ajue anapambana na nini.

Mpwa wangu nilimwambia arudi jikoni, apike majani yake vizuri na ameze vidonge vyake. Kisha nikamuuliza kama lile tunguja lililoota nyuma ya nyumba, wanapochezea watoto, lingalipo. Akanyamaza kidogo, akasema atalikata leo.