Kupanda Kahawa Ruhusa, Kung'oa Pia Ruhusa

Wasee, likizo nilienda kwa shosho Runyenjes, Embu, nikapewa debe na kuambiwa nichume kahawa nyekundu peke yake. Kufika saa sita mgongo umekwisha, na shosho ameshanipita debe mbili.

Nikamuuliza mbona miti ya huku ni mifupi na ya kule juu ni mirefu. "Hii ni Ruiru. Ile ni ya babu yako." Hapo ndipo nikaanza kuchimba.

Kumbe wakati wa mkoloni Mwafrika alizuiwa kulima kahawa ya arabika. Walowezi walisema tutaleta magonjwa na kuharibu ubora. Mimi naona waliogopa kitu kingine: ukiwa na kahawa yako, nani atachuma ya mzungu kwa mshahara mdogo? Ruhusa ya kujaribu ilikuja miaka ya 1930, ikaanzia Meru, Embu na Kisii, tena kwa masharti. Wakikuyu wengi walingoja hadi baada ya Vita vya Pili.

Ile mirefu ni SL28, iliyochaguliwa na Scott Laboratories miaka hiyohiyo ya 1930. Ni tamu hatari, wanunuzi wa ng'ambo wanaililia. Lakini usipopiga dawa, CBD inaozesha matunda na kutu inamaliza majani, na dawa ni pesa. Ndiyo maana 1985 watafiti wa kahawa wakatoa Ruiru 11. Ni fupi, inastahimili magonjwa yote mawili, na hekta moja inabeba miti kama 2,500, karibu mara mbili ya SL28. Shida ni kwamba ni chotara, mbegu zake huchavushwa kwa mkono. Ukiokota zako shambani, hutapata mti uleule.

Halafu 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Watu wakataka kung'oa. Sheria ikasema bila kibali ni kosa. Manze! Kupanda uombe, kung'oa uombe, na shamba eti ni lako?

Babu hakung'oa. Alipanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari, akaacha kahawa ijitegemee. Baadaye shosho akaleta Ruiru 11 sehemu ya chini. Ile mirefu amekataa iguswe. Nikamuuliza, si dawa ni ghali, shosho?

Akanipa debe lingine.