Omwonyo: Chumvi ya Mawe na Jina lake la Kale

Mtoto wa shule hapa Nshamba akiulizwa chumvi hutoka wapi, hujibu: "Dukani." Akiulizwa tena, husema: "Pwani." Jibu hilo si uongo, lakini lina hatari, maana humfanya adhani ya kuwa wazee wake hawakujua chumvi mpaka walipofika wachuuzi wa pwani. Neno lenyewe lakanusha jambo hilo.

Kwa Kihaya chumvi ni omwonyo. Kwa Kiganda, omunnyo. Kwa Kinyarwanda, umunyu. Kwa Kikikuyu, munyu. Hata Waswahili wanalo neno munyu, ijapokuwa chumvi limelishinda. Jina lililoenea hivi si mali ya wachuuzi wa juzi; ni urithi wa wahenga.

Basi, chumvi yao waliipata wapi? Uko Uganda, karibu na Ziwa Edward, mji wa Katwe, wenye ziwa dogo ndani ya shimo la volkeno. Chemchemi za munyu huingia humo, maji hayana njia ya kutokea, jua huyakausha, na chumvi hugandamana chini katika matabaka magumu kama mwamba. Wanaume huingia majini, huvunja mapande kwa mitaimbo, na kuyaleta ufuoni. Mawe hayo yamechanganyika na magadi, kwa hiyo hupewa ng'ombe walambe, tena hutumika kuhifadhi ngozi. Chumvi safi zaidi, iliyo ya kuliwa, hupatikana katika vidimbwi vilivyochimbwa kando ya ziwa.

Chumvi ya Katwe ilichukuliwa hata Ankole, Rwanda na Karagwe, jirani yetu. Wenye nguvu waliigombea: Mfalme Kabarega wa Bunyoro aliishika Katwe, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akaiteka, akajenga boma hapo.

Nako Uvinza, katika Kigoma, ambako chumvi hupatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi, wataalamu waliochimba mwaka 1967 waliona dalili za kazi hiyo tangu miaka ipatayo 1,500 iliyopita.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusiwafundishe watoto ya kuwa ladha ya chakula chao ililetwa na wageni. Duka limeleta pakiti, omwonyo ulikuwako.