Ukuaji wa Ubia, Si Ukuaji Jumuishi

Siku hizi haiandikwi mipango mkakati ya zao la pamba bila kutajwa "ukuaji jumuishi". Istilahi hiyo imepita kwenye majopo, imepigwa muhuri, na walioipitisha hawapendi kuulizwa. Mimi nauliza.

Jumuisha limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya, ule ule uliotupa jamii, jamaa, jumuiya na Ijumaa. Anayejumuishwa amekusanywa, basi. Neno halimpi haki wala fungu. Wamatumbi waliong'oa pamba mwaka 1905, wakiuasi utawala wa kikoloni, walikuwa wamejumuishwa barabara katika kilimo cha Wajerumani: kazi ya lazima ilikuwa yao, faida ya wengine. Na mama wa Maswa anayepalilia na kuchuma, kisha malipo yakatoka kwa jina la mumewe, naye kajumuishwa.

"Ushirikishwaji" ni baya zaidi. Hiyo -shwa- inamfanya mkulima mtendwa, angoje mwenye kumshirikisha apende.

Neno tunalo, tena la zamani: bia. Waliokula bia walichanga, kila mtu chake, na kila mtu akapata fungu. Humo ndimo yalimotoka maneno mbia na ubia. Wanaisimu wamelitumia katika "sarufi bia" na hakuna aliyedhani wanataja kinywaji. Kwa hiyo pingamizi nililotupiwa ukumbini, kwamba bia ni kinywaji, halina uzito.

Ubia una mchango, fungu na sauti. Pamba ikichambuliwa kinuni hutoa nyuzi, na mbegu ambazo uzito wake unazidi nusu ya mzigo. Mbegu hukamuliwa mafuta, mashudu yakalisha mifugo. Mkulima aliyelipwa kwa kilo mzanini, akakatwa deni la mbegu na viuatilifu, hana lake katika hayo. Huyo si mbia. Wabia walikuwa wakulima wa Kanda ya Ziwa walioanzisha shirikisho la ushirika la Victoria miaka ya 1950, wakiongozwa na Paul Bomani: walichanga, wakamiliki vinu vyao wenyewe.

Nilipendekeza "ukuaji wa ubia" kwa maandishi, na hoja zote hizi. Nilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba neno ni la kibiashara mno. Pamba ni nini kama si biashara? Serikali na sekta binafsi zinaitwa wabia kila siku na hakuna jopo lililolalamika. Neno limegeuka la kibiashara lilipomfikia mkulima.

Katika matumizi: ukuaji wa ubia, mpango mkakati wa ubia, wabia wa zao. Wanawake na vijana waandikwe wabia, na fungu la kila mmoja litajwe hapo hapo.