Redio mbili zilizokosana karibu na Zohali

Juzi nilikesha na redio yangu ya kompyuta. Stesheni ilikuwa inaingia kando kidogo ya masafa yake. Nikarekebisha namba moja kwa programu, kwisha. Cassini na Huygens hawakuwa na bahati hiyo.

Zilirushwa 1997. Huygens ingeshuka Titan, mwezi wa Zohali, ikitumia Cassini data. Jaribio kamili la redio zao lilikuwa limerukwa. Februari 2000, Boris Smeds, injinia wa ESA, akajifanya Huygens: alituma mawimbi kutoka Goldstone, California, akiweka na athari ya mwendo. Si unajua matatu ikikupita, honi inashuka sauti? Ndiyo hiyo.

Cassini ilishika mawimbi poa, lakini data ikatoka takataka. Masafa kusogea walikuwa wamefikiria. Kasi ya biti nayo kusogea, wapi! Na programu ya kipokezi haingebadilishwa kutoka huku.

Sasa manze, wakabadilisha njia yenyewe. Cassini ipite mbali na Titan, kama mara 50 ya ilivyopangwa, ndio kasi ya kukaribiana ipungue. Januari 14, 2005, Huygens ikatua, data ikaingia safi. Ila nusu ya picha zilipotea: amri ya kuwasha kipokezi cha pili ilisahaulika.