Umeondoka, Haujafika

Mama yangu akituma mzigo kwa basi la usiku kwenda Busia, halali vizuri. Karani wa mizigo humpa risiti na kumwambia, “Mzigo umeenda, mama.” Naye humuuliza, “Umeenda, ama umefika?” Nikiwa mdogo niliona aibu, nikawa namvuta mkono twende. Swali lake lilinirudia miaka mingi baadaye katika maabara ya chuo, mbele ya kompyuta nne kuukuu zilizounganishwa kwa waya, nikitafuta kosa lililonila wiki mbili.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Bamba la chuma linapashwa moto upande mmoja, programu ikokotoe jinsi joto linavyosambaa. Tuligawa bamba vipande vinne, kila kompyuta na kipande chake. Shida iko mpakani: huwezi kujua joto la ukingo wako bila kujua la jirani. Kwa hiyo kila hatua ya hesabu, majirani wanapelekeana safu ya namba. Hakuna kuchungulia daftari la mwenzako, ni kutumiana ujumbe tu. Mwenzangu aliandika hesabu, mimi nikaandika kutuma na kupokea.

Sasa, ukishatuma, ufanye nini?

Mwaka 1978 Mwingereza Tony Hoare alichapisha makala yenye jibu kali: mtumaji na mpokeaji wakutane. Anayewahi amngoje aliyechelewa. Kampuni ya Inmos ya Bristol ikajenga prosesa zake, transputa, juu ya wazo hilo katika miaka ya 1980. Ni utaratibu usio na longolongo, kwa sababu ukiambiwa umetuma, basi umepokelewa. Lakini una gharama. Prosesa yenye uwezo wa mamilioni ya hesabu inakaa kama abiria kwenye steji, mikono mitupu.

Huko Caltech, Marekani, Charles Seitz na wenzake waliwasha Cosmic Cube mwaka 1983, vituo 64 vyenye prosesa za Intel 8086, kila kimoja kikiwa na majirani sita. Miaka miwili baadaye Intel ikaanza kuuza mashine za aina hiyo, iPSC. Katika mfumo wake uliokuja kuitwa NX kulikuwa na amri ya isend. Unaipa ujumbe, inakurudishia namba, kama risiti, nawe unaendelea na shughuli zako. Ukiwa tayari unaipeleka namba kwa msgwait na kukaa hapo mpaka kazi iishe. Ama unauliza tu kwa msgdone, “tayari?”, halafu unaenda zako.

Tatizo, kila kampuni ilikuwa na lugha yake. IBM yake, nCUBE yake, Meiko yake. Ukihama mashine, unaandika upya. Aprili 1992 wataalamu walikutana Williamsburg, Virginia, kulijadili hilo. Mwaka uliofuata wakawa wanakutana kila wiki sita kwa miezi tisa, kazi iliyohusisha mashirika takriban 40, na Mei 1994 wakatoa MPI. Humo ndimo mna MPI_Isend, ile I ikisimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya “papo hapo”, na mwenzake MPI_Wait.

Kinachonivutia ni uangalifu wao na neno moja: kukamilika. MPI_Wait ikikurudia baada ya kutuma, haisemi kwamba mwenzako amepokea. Inasema tu kwamba ile sehemu ya kumbukumbu ulimoweka ujumbe sasa ni yako tena, andika juu yake utakavyo. Ujumbe huenda umefika, huenda uko njiani, huenda umenakiliwa tu mahali ukingoja zamu. Ukitaka uhakika kwamba upande wa pili umeanza kupokea, iko amri nyingine, MPI_Issend, na utailipia kwa kungoja zaidi. Mama angeuelewa ukurasa huo kuniliko.

Na kabla ya Wait, usiguse. Toleo la 1994 lilikataza hata kuisoma ile sehemu. Kusoma, jameni, si kuandika! Marufuku hiyo iliondolewa katika toleo la 2.2, mwaka 2009. Nashuku wengi walikuwa wameivunja miaka yote bila kujua iko.

Kosa langu mimi lilikuwa la kuandika. Nilituma safu, hesabu ikaendelea, na hesabu ilikuwa ikiweka namba mpya juu ya safu ileile. Wait niliiweka mwisho kabisa. Ajabu, kwa mwezi mzima majibu yalikuwa sahihi. Safu ilikuwa namba 100, baiti 800, na ujumbe mdogo namna hiyo kwa kawaida huondoka mara moja bila kumuuliza mpokeaji. Tukapanda hadi namba 10,000, baiti 80,000. Ujumbe mkubwa hubisha hodi kwanza, ukangoja jibu, ndipo data ichukuliwe pale ulipoiacha. Tena katika maktaba nyingi za MPI hausogei mpaka programu irudi kuiita MPI, yaani kungoja kwenyewe ndiko kunakousukuma. Kumbe wakati wa kuchukuliwa, pale nilipoiacha data palikuwa pameshaandikwa mengine. Jirani akapokea joto la hatua ambayo yeye hajaifikia. Na hakuna kilicholalamika. Programu ilimaliza kazi, ikatoa bamba lenye mabaka ya joto mipakani.

Nililaumu waya. Nikalaumu swichi. Halafu nikamlaumu mwenzangu, mbele ya mwalimu, kwamba hesabu zake hazishiki namba kubwa. Hakunijibu. Alikusanya karatasi zake akatoka, na kwa siku tisa hatukusemezana.

Nilipoona kosa, nilihamisha MPI_Wait mistari michache juu, nikaendesha tena. Bamba likatoka safi. Usiku huo nikamtumia ujumbe wa kuomba radhi. Simu ikaonyesha tiki moja. Nilikaa nayo mkononi hadi saa nane, nikalala.

Asubuhi alikuwa amejibu. Alitaka kujua ni mstari wa ngapi.